Shajara ya kijitabu cha ridhaa: Kiswahili cha wodini, toka watoto hadi meno

13 Januari

Tumeanza. Tuko watatu: mimi muuguzi mstaafu, tabibu wa kinywa na meno ambaye bado yuko kazini, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Kazi tuliyojipa ni kijitabu kidogo cha kumpa mgonjwa, au mzazi wa mgonjwa, anayeombwa kuingia katika utafiti wa kitabibu. Kisiwe cha utafiti mmoja tu. Kimweleze utafiti ni nini, anaombwa nini, anaweza kukataa vipi, na kimpe mifano ya kweli kutoka idara mbalimbali: watoto, upasuaji, macho, wodi ya wazazi, meno.

Sababu iliyonisukuma naiandika mwanzoni ili nisiizunguke. Zamani, nikiwa muuguzi mchanga, nilikabidhiwa rundo la fomu za ridhaa nikaambiwa zirudi jioni zikiwa na saini. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mwenye homa. Nilimwambia, "Mama, weka dole gumba hapa." Akaweka. Hakuniuliza kitu, nami sikumweleza kitu. Mtoto alipona, lakini mama yule siku ile hakuridhia chochote. Alitii tu. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi.

20 Januari

Siku nzima imekwenda kwenye maneno. Mwalimu alikuja na orodha ya yale yanayotumika kwenye fomu tulizowahi kuziona, tukayapitia moja moja.

Ridhaa limebaki. Kibali na idhini ni vya mwenye mamlaka: bosi anatoa idhini, ofisi inatoa kibali. Ridhaa ni ndugu ya radhi na kuridhika, nayo haitoki nje ya moyo wa mtu. Mwalimu alisema hata asiyejua kusoma analisikia hilo, kwa sababu anajua radhi za wazazi ni kitu gani. Nimefurahi kuona neno linalofaa tulikuwa nalo siku zote.

Mtafitiwa tumelitupa. Linamfanya mgonjwa kuwa kitu kinachofanyiwa. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia kuhusu maadili ya utafiti, lililopitishwa mwaka 1964, liliporekebishwa mwaka 2024 nalo liliacha neno la Kiingereza lililomweka mtu chini ya utafiti, likachukua lile la mshiriki. Sisi tunaandika mshiriki.

Dawa bandia kwa maana ya kidonge kisicho na dawa ndani yake: hapana kabisa. Mtanzania akisikia dawa bandia anawaza dawa feki zinazokamatwa madukani. Kuna neno kipozauongo, lakini ukilitamka wodini utalazimika kulieleza, na lile "uongo" lililomo ndani litakuwa limeshafanya kazi yake. Tumeamua kuandika kwa urefu: kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani.

Madhara tumelipa nafasi mbili. Wauguzi wa uzazi wa mpango wana msemo wao, "maudhi madogo madogo", kwa kichefuchefu, kichwa kuuma na mengine ya namna hiyo. Msemo huo akina mama wanaujua. Kwa hiyo maudhi ni yale yanayosumbua na kupita, madhara ni yale yanayoweza kumweka mtu pabaya. Fomu nyingi huyachanganya yote kwenye aya moja, na mgonjwa hatoki na picha yoyote.

27 Januari

Tumesoma kurasa nne za kwanza na watu watano, Muheza, chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Naandika makosa yetu kama yalivyojitokeza.

La kwanza. Tuliandika kwamba mshiriki ataingizwa kundi la kwanza au la pili "kwa bahati nasibu". Bibi mmoja akanisimamisha. "Sasa mwanangu, hiyo bahati nasibu ni kama ile ya redioni? Anayeshinda anapata nini?" Nilipomwambia hakuna anayeshinda, akauliza swali lililokuwa zito zaidi: "Basi ninyi madaktari hamjui ipi nzuri?" Nikamjibu, ndiyo bibi, hatujui, ndiyo maana tunatafiti. Akanyamaza kidogo, akasema hilo ndilo lingeandikwa kwanza.

Ana haki. Tumeandika upya. Sentensi ya kwanza ya ukurasa wa kugawanywa makundi sasa inasema: madaktari hawajui ni tiba ipi kati ya hizi mbili inayofaa zaidi, wangejua, wangekupa hiyo. Halafu inaeleza kwamba kugawanywa ni kama kurusha shilingi, daktari hachagui na wewe huchagui, ili wagonjwa mahututi wasirundikwe upande mmoja na wenye nafuu upande mwingine. Neno bahati halimo tena.

La pili linanitia uchungu kwa sababu hata Mwalimu hakuliona. Ukurasa mmoja ulisema "kushiriki ni kwa kujitolea", na mistari miwili chini yake "una haki ya kujitoa wakati wowote". Kujitolea, kujitoa. Ukizisoma kwa sauti mbele ya mtu aliyechoka, mtoto analia, masikio yake yatasikia neno moja. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nasi alielewa kwamba ana haki ya kujitolea wakati wowote, yaani kuingia wakati wowote. Haki yake kubwa kuliko zote ilikuwa imegeuka kinyume chake kwa silabi moja. Sasa tunaandika: kuingia ni hiari yako; ukitaka kuacha, unaacha, siku yoyote, bila kueleza sababu, na utaendelea kutibiwa kama wengine.

La tatu: "taarifa zako zitakuwa siri". Wawili walidhani wanaambiwa wao ndio watunze siri, wasiwaambie hata waume zao. Tumegeuza: sisi hatutamwambia mtu mwingine habari zako, wewe uko huru kumwambia yeyote.

5 Februari

Idara ya watoto. Hapa nimekaa kuliko nilivyopanga, kwa sababu mifano miwili mikubwa ilipita hapahapa Muheza, katika hospitali teule, na wazazi wake wako mitaani.

Wa kwanza ni wa artesuneti na kwinini. Walioshika watoto wenye malaria kali miaka ile wanaikumbuka dripu ya kwinini, masikio kuvuma, sukari kushuka ghafla usiku. Utafiti ulioitwa AQUAMAT uliingiza watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, nusu wakapewa kwinini na nusu artesuneti ya sindano. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliofariki upande wa kwinini walikuwa asilimia 10.9, upande wa artesuneti asilimia 8.5. Kwa ukurasa wa kijitabu nimeandika hivi: katika kila watoto mia wenye malaria kali, artesuneti iliokoa kama wawili zaidi. Tabibu wa meno aliona wawili ni wachache mno kumvutia msomaji. Nikamwambia ahesabu wawili katika kila mia kwa wodi zote za watoto, kila masika.

Wa pili ni mgumu kuueleza, na ndio ninaoupenda kuliko wote. Unaitwa FEAST. Sisi sote, wauguzi na wazazi, tunaiamini dripu. Mtoto akilegea, mikono ikiwa ya baridi, mapigo yakienda mbio, mzazi anauliza kwa nini hajatundikiwa dripu. Vitabu navyo vilisema mtoto wa aina hiyo mwenye homa kali apewe maji mengi kwa haraka, ndani ya saa moja. Watafiti wa Kenya, Tanzania na Uganda wakauliza kama ni kweli. Watoto 3,141 waligawanywa: wengine maji ya chumvi kwa kasi, wengine albumini (protini ya damu) kwa kasi, wengine hawakupewa maji ya kasi bali ya kawaida ya polepole. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Baada ya saa 48, waliopata maji ya kasi walikuwa wamefariki asilimia 10.5 na 10.6, ambao hawakupata, asilimia 7.3.

Nimeandika ukurasa huu mara tatu. Mara ya kwanza ulisomeka kana kwamba dripu inaua, na mama mmoja msomaji wetu akaanza kuhofia dripu yoyote. Hilo ni hatari. Watoto wanaoharisha na kuishiwa maji hawakuingizwa katika utafiti ule, na kwao maji ni uhai. Sasa tahadhari hiyo imekaa juu kabisa kwenye kisanduku, kabla ya habari yenyewe.

Jambo la ridhaa katika FEAST limetupa mjadala wa jioni nzima. Mtoto anakata roho. Huwezi kumsomea mama kurasa sita. Walichofanya ni kumweleza mzazi kwa maneno machache na kupata kukubali kwake kwa mdomo, kisha mtoto akitulia wakakaa naye kumweleza yote na kuomba ridhaa kamili. Mwalimu hakupendezwa: ridhaa inayokuja baadaye, alisema, ni kuomba radhi na si kuomba ruhusa. Mimi nimesimama upande wa pili. Nimeziona dakika zile. Ukimzuia mtoto mlangoni kwa ajili ya karatasi umemkosea, na ukikataa kabisa kutafiti dharura utaendelea kuwatibu watoto wa dharura kwa mazoea, na mazoea ndiyo hayo yaliyokuwa yakiwaongezea vifo. Tumeandika pande zote mbili, na mzazi ameambiwa waziwazi kwamba hata baada ya kukubali kwa mdomo anaweza kusema hapana.

11 Februari

Nimeongeza Pemba kwenye ukurasa wa watoto. Madini ya chuma na asidi ya foliki, vitu ambavyo kila mmoja wetu angevitoa kwa mtoto mwenye upungufu wa damu bila kufikiri mara mbili. Kule Pemba, penye malaria nyingi wakati ule, watoto waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya ambao hawakupewa. Mwaka 2003 sehemu ile ya utafiti ikasitishwa, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Baada ya hapo ushauri wa chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria ulibadilika: usitolewe bila kinga na tiba ya malaria kuwapo.

Tabibu wa meno aliuliza kama hatuwatishi watu kwa kuweka tafiti mbili zilizotoa majibu mabaya. Nimefikiri, na nimeziacha. Msomaji anayeambiwa kwamba utafiti siku zote huleta dawa mpya nzuri ameshaanza kudanganywa.

19 Februari

Damu. Nilijua ingekuja.

Tulikuwa tumeandika "tutachukua mililita 10 za damu". Mzee mmoja mvuvi, wa upande wa Kigombe, alisoma, akaweka karatasi chini, akasema: "Kwa baba yangu hilo lilikuwa na jina. Mumiani." Hakuwa na hasira. Alitueleza jinsi watoto walivyokuwa wakikatazwa kutoka usiku, na jinsi gari lolote lenye watu wa serikali ya mkoloni lilivyoogopwa kwamba linakwenda kunyonya damu za watu likaziuze.

Mwalimu alitaka tuandike aya ya kukanusha mumiani. Nimekataa. Mzee haamini mumiani. Anatuambia kwamba anayekuchukulia damu bila kukwambia inakokwenda amekaa kwenye kiti kilekile. Tulipomuuliza angetaka kujua nini, alitaja mambo manne bila kusita: nyingi kiasi gani, inakwenda wapi, nani anaishika, na mwisho wake nini.

Ukurasa wa damu sasa umepangwa kwa maswali yake manne, kwa mfuatano wake. Kiasi kimeandikwa kwa vijiko: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, hivyo 10 ni viwili. Kama sampuli itavuka mpaka, inatajwa nchi. Kama itatunzwa kwa utafiti wa baadaye, mshiriki anaulizwa swali hilo peke yake na anaweza kukubali utafiti wa leo akakataa wa kesho. Sina hakika kama kuna ukurasa mwingine nitakaoupenda kama huu.

26 Februari

Siku ya kazi za haraka.

Upasuaji: tumeweka Ifakara. Orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane ya dunia, na Ifakara ilikuwa mmoja wao pamoja na London, Seattle na Manila. Kwa ujumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Faida yake kwetu ni kwamba hapa hakuna aliyerushiwa shilingi. Walihesabu kabla, wakaanza kutumia orodha, wakahesabu baada. Msomaji aone kwamba utafiti una sura nyingi.

Macho: Kongwa, vijiji sita, utafiti wa kuhimiza watoto kunawa uso ili kupunguza ugonjwa wa vikope (trakoma), matokeo mwaka 1995. Hapa vijiji ndivyo vilivyogawanywa, si mtoto mmojammoja. Mwaka huohuo yalitoka ya Mwanza: jamii 12, sita zikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko kwenye jamii sita nyingine. Tumeyaweka pamoja. Swali la wasomaji wote lilikuwa moja: kijiji kikikubali, mimi nimekubali? Jibu letu limechukua mstari mmoja, nao umeandikwa kwa herufi nene: mwenyekiti anaweza kuwaruhusu watafiti waingie kijijini, hawezi kuwaruhusu waingie mwilini mwako.

4 Machi

Wodi ya wazazi. Watoto njiti. Utafiti wa hospitali tano, Muhimbili ikiwa mojawapo na nyingine zikiwa Ghana, India, Malawi na Nigeria, uliuliza kama mtoto mwenye uzito wa kilo moja hadi chini ya 1.8 awekwe kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, au asubiri kwanza atulie. Watoto 3,211. Ndani ya siku 28, waliofariki katika kundi la mara moja walikuwa asilimia 12.0, katika kundi la kusubiri 15.7. Ulisimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa mwaka 2021.

Hapa tulipata nafasi ya kueleza kamati ya kufuatilia usalama, ambayo kwa FEAST tuliipita haraka. Ni watu wasio watafiti wenyewe, wanaofunguliwa hesabu katikati ya safari. Kwa FEAST waliona wanaopewa wanaumia. Kwa njiti waliona wanaosubirishwa wanakosa. Mara zote mbili jibu likawa simamisheni. Dada mmoja aliyejifungua njiti, ambaye sasa mtoto wake yuko darasa la pili, alisema hilo lilimtuliza kuliko yote: kuna mtu anaangalia kabla ya mwisho.

Huyohuyo dada alitukosoa jambo jingine. Tuliandika "mama kangaruu". Yeye anasema wodini walimwambia "mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi", na hilo ndilo alilolielewa. Kangaruu hajawahi kumuona. Tumebadilisha.

14 Machi

Meno. Tabibu amekuwa akiingoja siku hii tangu Januari, na ameleta mengi mno. Naandika tuliyoyachukua na moja tuliloliacha.

Tumechukua, kwanza, habari ambayo Watanzania wangepaswa kujivunia na wengi hawaijui. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzia hapa nchini njia ya kuziba meno bila mashine ya kutoboa na bila umeme: uozo unachokonolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa saruji inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Ilitokana na shida. Zahanati haikuwa na umeme, na jino lililotoboka lilikuwa na dawa moja tu, koleo. Baadaye ikapimwa kwa majaribio ya uwandani huko Thailand na Zimbabwe, ikasambaa duniani, na mwaka 2021 saruji ile ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Tabibu alisimulia akiwa amesimama. Nimeiandika kama alivyoisema.

Pili, utafiti wa nusu kinywa. Kwa kuwa mtu ana meno upande wa kulia na wa kushoto, watafiti wanaweza kuziba gego la kulia kwa njia moja na la kushoto kwa njia nyingine, ndani ya mtu mmojammoja, halafu wakafuatilia lipi linadumu. Mate ni yaleyale, chakula ni kilekile, mswaki ni uleule. Wasomaji waliipenda, ila walishtuka tuliposema "kinywa chako kitagawanywa mara mbili". Sasa ni: gego moja litazibwa kwa njia hii, la pili kwa njia ile.

Tatu, fizi na kisukari. Mama mmoja wa kliniki ya sukari aliuliza kwa nini anaitwa kwa daktari wa meno wakati meno yake hayaumi. Swali halali. Sukari ikikaa juu, fizi huvimba na kutoa damu upesi, ugaga ukizidi mfupa unaoshika jino hulika. Na fizi zikitibiwa, wastani wa sukari nao hushuka kiasi. Idara mbili, mtu mmoja. Fomu yake ilitoka kliniki ya meno na haikutaja kisukari mpaka ukurasa wa tatu.

Nne, taya. Mwaka 1957 kule Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, meno yakilegea. Saratani ile ikaja kubeba jina lake. Tumeiweka kwa sababu mtoto wa namna hiyo mara nyingi huletwa kung'oa jino linalocheza, na anayemwona kwanza ni tabibu wa meno. Tabibu wetu aliomba mstari mmoja kwa wazazi: jino likilegea kwa mtoto na shavu likavimba haraka, usikubali ling'olewe tu, uliza kuna nini chini yake. Huo si mstari wa utafiti, lakini nimeuacha ukae.

Tulichoacha ni maji ya Arusha na Meru yenye floraidi nyingi na meno ya kahawia. Ni habari kubwa, inastahili kijitabu chake.

15 Machi

Narudi kwenye meno, kwa sababu jana usiku tulikwama na leo asubuhi tumerudi mezani wote watatu.

Tatizo ni meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, fizi zina uvimbe mweupe. Mtu anasema ana meno ya plastiki, anapelekwa kwa mganga, uvimbe unachimbwa kwa kifaa chochote kilichopo. Kile kinachotolewa ni chonge la utotoni ambalo halijaota. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, ugonjwa wake halisi hautibiwi. Tabibu anawaona miaka kumi baadaye: watoto waliokosa chonge, au lililoota limepinda kwa sababu chipukizi la jino la ukubwani nalo liliguswa.

Sasa fomu na dodoso huuliza: "Je, mtoto wako aliwahi kutolewa meno ya plastiki?" Tabibu alisema kila anapouliza hivyo anahisi amekiri kwamba yapo. Mtafiti mwenye koti jeupe ametamka jina la ugonjwa, basi ugonjwa upo. Mwalimu akajibu kwamba ukiuliza kwa maneno mengine, mama hatajua unaulizia nini, na jibu litakuwa hapana ya uongo isiyo na nia mbaya.

Wote wawili wana hoja. Tulijaribu na akina mama wanne wa jirani. Swali la "aliwahi kukatwa au kuchimbwa kitu kwenye fizi akiwa mchanga?" lilijibiwa bila shida na watatu, wa nne aliuliza, "Mnasema meno ya plastiki?" Kwa hiyo tumeandika swali la fizi kwanza, na chini yake: "kitu ambacho watu wengine hukiita meno ya plastiki". Halafu mistari mitatu ya kueleza chonge. Mama yule wa nne aliposikia kwamba ni chonge, aligusa lake mwenyewe kwa kidole. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza zaidi. Hakuja pale kuhukumiwa.

24 Machi

Ukurasa wa malalamiko. Mfupi. Utafiti wa afya Tanzania Bara hupitiwa na kamati za maadili, na juu yake Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Zanzibar ina taasisi yake. Dawa mpya inahitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tunamwambia msomaji: kwenye fomu yako lazima kuwe na namba mbili za simu, ya watafiti na ya kamati ya maadili. Ukiona moja tu, uliza ya pili kabla ya kutia saini.

Nauli pia. Kurudishiwa nauli na kupewa chai ni haki, kwa sababu umepoteza siku. Lakini fedha ikiwa nyingi mpaka unaingia kwa ajili ya fedha, hapo hiari imeanza kununuliwa. Kijana wa bodaboda alisema tusiandike kiasi, kila mahali pana bei yake. Tumemsikiliza.

2 Aprili

Tumesoma kijitabu chote, kurasa 16, na bibi wa siku ya kwanza. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akavaa miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti kwa muda wa saa nzima na zaidi. Alisimama mara mbili. Mara moja kwenye "albumini". Tumeongeza "maji yenye protini ya damu". Mara ya pili kwenye ukurasa wa saini.

Aliuliza kwa nini kisanduku cha dole gumba kiko ukurasa wa pili, wakati mambo yako mbele. Nilikuwa nimekiweka pale kwa kufuata mpangilio wa fomu nilizozizoea, bila kufikiri. Mtu asiyesoma anaonyeshwa kisanduku, anaweka dole, kurasa zinazobaki hakuna anayezifungua.

Tumekihamisha hadi ukurasa wa mwisho. Juu yake kuna maswali matatu ambayo mshiriki anayajibu kwa maneno yake, mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti: unaombwa kufanya nini, nini kinaweza kukuumiza, na ukisema hapana itakuwaje. Jibu likikosekana, kisanduku kinabaki kitupu na maelezo yanaanza upya.

Kesho asubuhi napeleka nakala hiyo steshenari ikachapwe, nakala thelathini za majaribio. Tabibu anachukua kumi za kliniki ya meno, zilizobaki nitazigawa mwenyewe kwa mkono.